Tembe, Mlango wa Nakshi na Deni la Urithi

Kuna methali isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii husemwa kwa wepesi, na aghalabu husemwa na mtu ambaye mwenyewe amekwisha kuiacha asili ile anayomtaka mwenziwe aishike. Hukumu yake ni kali, maana utumwa inaoutaja ni utumwa wa hiari, na hapana aibu ipitayo hiyo. Basi yafaa ipimwe kabla ya kutumiwa. Mahali pa kuipimia si lazima pawe mji mkuu wala jumba la mfalme. Iguguno yatosha: mji mdogo katika nchi ya Wanyiramba, kaskazini ya Singida, kando ya barabara kuu iendayo Nzega na Mwanza, ambao tangu 2012 umo katika Wilaya ya Mkalama iliyokatwa kutoka Iramba. Katika nchi hiyo, kama katika sehemu kubwa ya nyanda za kati za Tanzania, nyumba ya asili ilikuwa tembe. Na huko, kama kwingineko, bati limechukua mahali pa paa la udongo. Swali ni hili: je, Mnyiramba aliyebomoa tembe la babu yake akajenga nyumba ya tofali na bati amevunja wajibu wowote? Na kama wajibu upo, nani adaiwaye, na alipe kwa kitu gani?

Swali halijibiki mpaka tembe lenyewe litazamwe, si kwa jicho la mpiga picha bali kwa jicho la mjenzi. Tembe halina kilele. Nguzo zenye panda huchimbiwa ardhini, boriti hulazwa juu ya panda hizo, fito hupangwa juu ya boriti kwa kubanana, kisha majani, kisha udongo mzito unaoshindiliwa mpaka paa liwe kama uwanja mdogo ulioinuliwa. Kiambaza husimamishwa kwa miti na kukandikwa kwa udongo ndani na nje. Nyumba huenda kwa urefu, hukunja pembe, na mara nyingine huzunguka pande zote za ua, hata mifugo ikalala katikati na watu pembeni. Mtu mrefu huinama anapoingia. Ndani mna giza na moshi. Lakini moshi huo huo huifukuza mibungo, nayo miti iliyokaushwa na moto wa miaka mingi huwa migumu kuliwa na wadudu.

Kila kitu katika nyumba hii kina sababu yake. Nchi ile hupata mvua ya msimu mmoja tu, tangu Novemba hata Aprili, na miezi mingine ni mikavu. Paa tambarare la udongo, ambalo pwani lingeoza katika mwaka mmoja, huko liliweza kuvumilia. Karne ya kumi na tisa ilikuwa karne ya mashambulio, na paa la udongo halishiki moto kama paa la nyasi. Juu ya paa mtama na uwele ulianikwa, na kutoka juu ya paa mtu aliona mbali. Nafaka ilitiwa katika vilindo, yaani mapipa ya gome la mti yaliyoviringwa na kushonwa, na vilindo hivyo vilisimama ndani kama watu wa nyumbani. Katika nyumba kama hiyo mtafutaji wa nakshi hutoka mikono mitupu. Hapana ua la yungiyungi lililochongwa, hapana mnyororo, hapana samaki wala mtende kama katika milango ya Unguja. Uzuri wa tembe umo katika mstari wake mrefu uliolala sambamba na nchi, katika ncha za boriti zinazotokeza ukutani kwa nafasi zilizopimwa kwa macho, na katika alama za viganja zilizobaki katika udongo baada ya mkandikaji, ambaye aghalabu alikuwa mwanamke, kumaliza kazi yake. Rangi na michoro ilihifadhiwa kwa vyombo: vibuyu, na vikapu ambavyo wanawake wa Singida wangali wakivisuka.

Je, hili si pambo? Wapo wasomi ambao kwao pambo ni kitu kilichoongezwa juu ya kitu kingine, hata kikiondolewa kile cha kwanza hubaki kizima. Kwa kipimo hicho tembe halina pambo, na Wanyiramba hawana urithi wa nyumba, bali wana historia ya kujikinga na jua. Kipimo hicho kina kasoro, na kasoro yake huonekana vizuri zaidi ikiwa jicho litaelekezwa kwanza kwa watu wa mbali ambao hapana awezaye kuwanyima sifa ya nakshi, nao ni Wayoruba wa Nijeria.

Majumba ya wafalme wa Kiyoruba yalisimama juu ya nguzo za baraza zilizochongwa kwa sura za mpanda farasi, mama na mtoto, mfalme na mkewe. Milango yake ilijaa watu na wanyama safu kwa safu. Mchongaji mkubwa wa majumba hayo alikuwa Olowe wa Ise, aliyefariki 1938. Baina ya 1910 na 1914 alilifanyia kazi jumba la Ogoga, yaani mfalme wa Ikere, akachonga pamoja na nguzo mlango mmoja unaoonyesha afisa wa Kiingereza akipokelewa na mfalme huyo. Jambo lililokuwa habari ya juzi tu likawekwa mlangoni kwa mtindo wa kale, wala hapana aliyelalamika kwamba mila imeharibiwa. Katika 1924 mlango huo ulipelekwa London katika maonyesho ya dola ya Kiingereza huko Wembley, na Makumbusho ya Uingereza yakautaka. Ogoga hakutaka fedha. Alitaka kiti cha enzi kilichotengenezwa Uingereza, akapewa, na mlango ukabaki London mpaka leo.

Kisa hiki kwa kawaida huhesabiwa katika orodha ndefu ya mali za Afrika zilizokwenda Ulaya, na hapana shaka kwamba mizani baina ya mfalme aliyetawaliwa na dola iliyomtawala haikuwa sawa. Lakini ndani yake mna jambo jingine lisilotajwa sana. Olowe alikuwa hai, akachonga mlango mwingine mahali pa ule wa kwanza. Mfalme aliweza kuutoa mlango kwa sababu hakuutoa mkono uliouchonga. Yamkini alikosea katika bei. Hakukosea katika kujua mali yake ilikuwa wapi. Makumbusho yalipata ubao, Ikere ikabaki na mchongaji. Mizani hiyo iligeuka baadaye tu, mchongaji alipokufa na ubao ukaendelea kuishi.

Tena Wayoruba hao hao wana pambo la namna nyingine, lisiloweza kupelekwa London kwa meli yoyote. Katika Ile-Ife kuna wanawake ambao hupaka upya kuta za mahali pa ibada ya Orisa Ikire kila mwaka sikukuu inapokaribia, kwa rangi za udongo na mimea. Michoro ya mwaka jana hufunikwa na ya mwaka huu. Mtu akiwaendea na dawa ya kuihifadhi michoro ya mwaka fulani isifutike, atakuwa ameizuia kazi yenyewe. Urithi wao umo katika kurudia, na kurudia ni lazima kuanze kwa kufuta. Mlango wa Olowe hutazamwa na ukuta wa Ikire hufanywa. Na Mnyiramba aliyekuwa akilikandika tembe lake upya baada ya masika yuko karibu zaidi na wanawake wa Ife kuliko na mchongaji wa Ikere. Hapo ndipo penye kasoro ya kile kipimo cha wasomi. Kinapima pambo kwa kudumu kwa kitu, na kwa hiyo hakiwezi kuona pambo ambalo kudumu kwake ni kwa kitendo.

Kipimo hicho hakikubaki vitabuni. Kimeingia katika sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya 1964, iliyorekebishwa katika 1979, ililinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ililinda pia milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940. Ni kweli kwamba Waziri alipewa uwezo wa kutangaza vitu vingine, lakini kanuni ya msingi ndiyo inayoonyesha fikira. Tembe ambalo paa lake hushindiliwa upya, boriti zake hubadilishwa moja moja, na kiambaza chake hukandikwa kila mwaka, lina umri gani? Likihesabiwa kwa udongo wake, ni la mwaka huu. Likihesabiwa kwa umbo lake, ni la kale kuliko msikiti mwingi wa mawe. Sheria haikuwa na njia ya kuuliza swali la pili. Iliweza kuuona mlango kwa sababu mlango hung'oka, na kitu kinachoweza kung'olewa chaweza kuibwa, na kinachoweza kuibwa ndicho sheria hujua kukilinda. Waswahili walikwisha kusema kwamba nyumba njema si mlango. Wanasheria hawakuisikia methali hiyo, au waliisikia wakaidhani ni ya ndoa tu.

Si kwamba tembe halikuhifadhiwa popote. Kijiji cha Makumbusho katika Dar es Salaam, tangu miaka ya 1960, kimeyaonyesha matembe pamoja na nyumba nyingine za makabila ya Tanzania, na watoto wa shule hupita ndani yake. Na kule Kwihara, karibu na Tabora, liko tembe linalotunzwa kama makumbusho, lenye mlango wa nakshi ya pwani. Sababu ya kutunzwa kwake ni kwamba Livingstone na Stanley walikaa humo katika 1872. Jambo hili ladai fikira kidogo. Katika maelfu ya matembe yaliyosimama toka Ugogo hata Unyamwezi, lililopata jina ni lile ambalo mgeni alilala, nalo lilikuwa tembe la Waarabu wa biashara. Wenye nyumba elfu nyingine hawakuwa na mgeni wa kuandika kitabu.

Ndipo irudiwe hukumu ya methali. Nani basi aliyeacha asili katika Iguguno, na aliiacha kwa nini? Jibu rahisi ni kwamba watu waliona haya, wakataka kufanana na wa mjini. Haya ilikuwapo, na si vema kuikana. Hata Mwalimu Nyerere, alipoandika katika 1977 juu ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwalaumu wananchi kwa kuitegemea saruji na bati kana kwamba udongo wa kwao haufai, hata wakaacha tofali za kuchoma na vigae walivyoweza kujifanyia. Lawama hiyo ilikuwa ya haki kwa sehemu. Walakini serikali ile ile, kati ya 1974 na 1976, ilikuwa imewahamisha mamilioni ya watu kuingia katika vijiji, na Singida haikuachwa. Tembe halihamishwi. Aliyetakiwa kuondoka aliacha boriti alizorithi kwa baba yake, na alipofika kwenye kiwanja alichopimiwa alijenga alichoweza kujenga kwa haraka. Baadaye miti mirefu na migumu ikawa haba, kwa kuwa watu wameongezeka na misitu imepungua. Na bati, ghali kama lilivyo, hununuliwa mara moja na huteka maji ya mvua, ambayo katika nchi kavu si neema ndogo. Paa la udongo huvuja mvua inapozidi, na likilemewa huanguka juu ya waliolala. Mama anayeuguza mtoto kifua ndani ya moshi hana haja ya kufundishwa na mtu wa chuo uzuri wa mstari mrefu uliolala sambamba na nchi.

Kwa hiyo lipo jambo moja ambalo laweza kusemwa bila kusita: hapana mtu anayedaiwa kuishi kwa taabu ili mtu mwingine apate kukumbuka. Urithi unaotunzwa kwa umaskini wa mrithi si urithi wake, ni maonyesho yake. Anayemtaka Mnyiramba akae gizani kwa heshima ya mababu naye mwenyewe analala chini ya taa ya umeme, huyo ndiye mwenye kuhitaji kusomewa methali.

Lakini hoja hii, ingawa ni ya kweli, haimalizi shauri. Mtu aweza kusamehewa deni na deni lisifutike, likahamia kwa mwingine. Tembe likishatoweka Iguguno, hapana mtoto atakayejua kwamba watu wake walipata kutatua kwa akili yao wenyewe tatizo la jua, moto, adui na nafaka kwa umbo moja. Atajua tu kwamba zamani palikuwa na umaskini, kisha yakaja maendeleo kwa lori. Hasara hiyo si ya macho. Ni hasara ya kujiamini, kwa maana anayedhani kwamba wazee wake hawakupata kubuni kitu hatajiona yeye kuwa mwenye kubuni.

Wengi wa wasomi wameona njia katika pambo. Wanasema: nyumba na ibadilike, lakini alama zake zichukuliwe zikawekwe juu ya majengo mapya, kama Wayoruba walivyofanya. Mfano wao ni mzuri. Lamidi Fakeye, mzaliwa wa ukoo wa wachongaji, alifanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1940 katika karakana ya mapadri Wakatoliki huko Oye-Ekiti chini ya Padri Kevin Carroll. Yeye akiwa Mwislamu alichonga milango ya makanisa kwa mkono ule ule uliojifunza nguzo za majumba ya wafalme. Baadaye alifundisha katika chuo kikuu cha Ife, na kazi zake zimo humo. Hapo pambo liliihama nyumba ya kwanza likaingia ya pili, na ya tatu, bila kufa. Lakini sababu ya kutokufa kwake ni kwamba lilihama pamoja na mtu. Fakeye hakunakili nakshi kutoka katika picha. Aliifikiri kwa patasi. Ikiwa katika Singida mchora ramani wa mjini atachukua umbo la kikapu, alichore kwa saruji juu ya lango la benki, na msukaji wa kikapu asijue hata kwamba limechorwa, basi kilichohama ni kivuli. Alama iliyokatwa na mkono ulioizaa huwa kama sahihi iliyoghushiwa: herufi zake ni sahihi, na haimfungi mtu.

Lipo pingamizi jingine, zito zaidi kwa nchi kama Tanzania. Nakshi ya Wayoruba ilikuwa na bwana wake. Ogoga alimlisha Olowe na kumpa kazi miaka minne. Katika Tanganyika mamlaka ya machifu yaliondolewa kwa sheria katika 1963, na waliofanya hivyo walikuwa na sababu: taifa jipya la makabila zaidi ya mia halikuweza kusimama juu ya viti mia vya enzi. Nani basi atakayekuwa bwana wa pambo? Na pambo la nani? Katika nchi hiyo hukutana Wanyiramba na Wanyaturu, Wasukuma na Wataturu, na wachuuzi waliotoka mbali zaidi. Ukuta wa shule ukivaa alama ya kabila moja, mtoto wa kabila jingine atasomaje kivulini mwake? Hofu hii isidharauliwe. Nchi nyingi jirani zimelipa kwa damu kile ambacho Tanzania ilikiepuka kwa kuyanyamazia makabila.

Walakini hofu hiyo yachanganya mambo mawili. Tembe silo la kabila moja. Wagogo walilijenga, na Wanyaturu, na Wanyiramba, na Wasandawe, na Wairaki, na Wahehe, watu ambao lugha zao hazina hata asili moja. Ni umbo la nchi kabla ya kuwa umbo la ukoo: ni jibu la nyanda za kati kwa jua la nyanda za kati. Kulikumbuka si kumtukuza mtemi yeyote. Na kwa habari ya bwana wa pambo, jibu liko wazi mno hata huenda ndiyo maana halisemwi. Bwana yupo. Wilaya ya Mkalama ilipoundwa ilihitaji ofisi huko Nduguti. Kila kata huhitaji zahanati, kila kijiji shule. Anayejenga majengo hayo hujenga kwa fedha ya watu wote, na mara nyingi hujenga kwa ramani moja inayotumika Singida kama inavyotumika Lindi, ingawa jua na mvua za Lindi ni nyingine. Mtu wa nyumba ya vyumba viwili, aliyeuza alizeti akanunua mabati ishirini, hadaiwi kitu. Mjenzi wa umma ndiye mdaiwa. Yeye peke yake ana uwezo wa kulipa bila kulala gizani.

Namna ya kulipa yaweza kujifunzwa karibu zaidi kuliko Nijeria. Makaburi ya Kasubi katika Kampala, walikozikwa Makabaka wa Buganda, yamo chini ya paa kubwa la nyasi, na ndani yake pete hamsini na mbili hushikilia paa hilo, kila moja ikisimama kwa ajili ya ukoo mmoja. Pambo lile ni muundo, na muundo ni orodha ya watu. Kazi ya kuezeka haikuachiwa yeyote apitaye. Ni haki ya ukoo wa Ngeye, wenye kurithishana ufundi huo. Moto ulipoiteketeza nyumba usiku wa tarehe 16 Machi 2010, ulichoma nyasi na miti. Haukuuchoma ukoo. Hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka kumi kuijenga upya, na vijana wakahitaji kufundishwa, kwa sababu ujuzi uliotegemewa ulikuwa umebaki kwa wachache. Katika 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Hata penye mfalme, ukoo, heshima na fedha za kigeni, mikono ilikaribia kutotosha. Iguguno, isiyo na lolote katika hayo manne, haiwezi kuufanya ufundi kuwa jambo la mwisho katika mpango.

Wala isidhaniwe kwamba mlinzi na mtumiaji watapatana daima. Mashariki ya Singida, huko Kolo katika Kondoa, iko michoro ya miambani iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Wenyeji wameendelea kwenda Mongomi wa Kolo kutambika, kuomba mvua na uponyaji, na katika tambiko pombe hurushwa juu ya mwamba. Mhifadhi huiona pombe hiyo kama madhara kwa rangi za kale. Mwenye kutambika huiona michoro isiyopata pombe kama mahali palipokufa. Wote wawili wanasema wanalinda. Hapana kanuni itakayowapatanisha kwa maneno, lakini ladhihirika nani kati yao anayekwenda mwambani asipolipwa mshahara, na kumfukuza huyo ili rangi ibaki ni kuchagua mlango wa London badala ya Olowe.

Basi, likiletwa shauri la kujenga darasa au zahanati katika Iguguno, si lazima paa liwe la udongo. Bati na likae, lakini juu ya baraza ndefu yenye nguzo za panda, iwe na kivuli ambacho tembe lilijua kukitoa na ambacho jengo la ramani moja hukisahau. Kiambaza cha baraza hiyo kikandikwe kwa udongo, na akiitwe mkandikaji anayejua, naye apewe neno la mwisho juu ya sura yake, hata akiamua kuweka alama ambayo bibi yake hakuiweka. Maana Olowe naye alimweka Mwingereza mlangoni. Wengine watasema kwamba ukuta wa udongo utaharibika masika ya kwanza. Utaharibika. Kwa hiyo katika hesabu ya kila mwaka ya jengo hilo, penye fungu la matengenezo, baada ya vioo na bawaba na rangi ya mbao, uandikwe mstari mmoja zaidi: udongo, maji, ujira wa siku nne wa mkandikaji, na ujira wa msichana mmoja au wawili wa kijijini wa kumsaidia kukanda.